Kunguru wa Eliya Hawakukosa Hata Jioni Moja



Leo nimekuja na Neno, na pia nimekuja na ungamo. Nitaanza na Neno. Ungamo litafuata, na nakuomba usiniache njiani.

Fungua Biblia yako 1 Wafalme 17. Mvua imekatika Israeli. Eliya amejificha kando ya kijito cha Kerithi, na Mungu amewaamuru kunguru wamlishe. Soma mstari wa sita polepole. Utaona kwamba ndege hao walimletea mkate na nyama asubuhi, na jioni wakaleta tena.

Sura hii nimeihubiri tangu nikiwa chuo cha Biblia. Nimeihubiri kwenye kesha, kwenye mikutano ya injili, hata kwenye matanga. Kila mara nilipiga kelele kuhusu muujiza, na watu wa Mungu wakasema Amina. Lakini kuna mambo mawili ambayo kwa miaka mingi niliyaruka.

La kwanza, kunguru ni ndege najisi. Soma Walawi 11, utamkuta kwenye orodha ya ndege ambao Mwisraeli hakuruhusiwa kula. Mungu alimlisha nabii wake kwa midomo ya ndege ambao nabii mwenyewe asingewaweka kwenye sahani yake.

La pili ni hilo la asubuhi na jioni. Mungu hakumshushia Eliya magunia kumi siku moja halafu akamwacha ajipange. Alimpa kidogo, kwa saa inayojulikana, na hakukosa. Eliya alipolala usiku alijua kesho asubuhi kuna nini.

Shika mambo hayo mawili, maana sasa naingia kwenye ungamo.

Mwaka wa 2017 nilikuwa nachunga kanisa dogo kijijini, Kaunti ya Siaya. Kanisa la mabati, viti vya plastiki, washirika kama sitini hivi. Shirika moja likaja kijijini na habari ya ajabu: kila mtu mzima atatumiwa pesa kwenye simu, karibu shilingi 2,250 kila mwezi, kwa miaka 12. Hakuna kulipa, hakuna riba, hakuna masharti ya jinsi ya kuzitumia.

Wewe ungefikiri nini? Watu waliogopa. Kabla jua halijazama uvumi ulikuwa umefika kila boma. Kwamba hizo ni pesa za shetani. Kwamba ukizichukua nyoka atakuja usiku kudai chake. Kwamba mtoto wako wa kwanza atakufa. Usicheke, kwa sababu haikuwa kwetu tu. Miaka michache kabla ya hapo, jirani zetu wa Homa Bay walikataa pesa za namna hiyo kwa wingi, kwa sababu ya maneno kama hayo hayo.

Watu wakaja kwangu kuuliza. Mchungaji ndiye anayeulizwa. Na mimi, mpendwa, sikufunga hata siku moja kuomba. Sikwenda kwa naibu wa chifu kuuliza hawa watu ni akina nani. Sikuongea na hata mmoja wao. Jumapili iliyofuata nilipanda mimbarini, nikafungua Ufunuo 13, nikahubiri kuhusu chapa ya mnyama. Nikasema hakuna mtu anayetoa pesa bure isipokuwa ana shabaha na roho yako. Kanisa lilisimama likapiga makofi.

Katika waliosimama alikuwepo nyanya mmoja. Sitamtaja jina. Sisi tulimwita Dani, ndivyo Wajaluo wanavyomwita nyanya. Alikuwa akilea wajukuu wanne walioachwa na mwanawe na mkaza mwanawe, wote wawili wametangulia. Dani ni mtu wa maombi. Siku ya maombi ya alfajiri ndiye aliyekuwa akinifungulia mlango wa kanisa.

Watu wa shirika walipofika kwake, aliwaambia: "Pasta wetu amekataa." Waliporudi mara ya pili aliwaambia hivyo hivyo. Orodha ikafungwa.

Upande wa pili wa ua wake anaishi mama mjane mwenye watoto watatu. Huyo si wa kanisa letu. Yeye alikubali.

Basi Mungu akaniweka mahali ambapo nilipita katikati ya maboma hayo mawili karibu kila siku, miaka miwili mizima. Shamba la huku na shamba la huko ni udongo mmoja. Mvua ni moja. Wote ni wanawake wasio na waume, wote wanalea watoto. Tofauti ilikuwa kitu kimoja tu. Simu ya yule mama ililia mara moja kwa mwezi, na ya Dani haikulia.

Shilingi 2,250. Wewe unayenisoma ukiwa mjini labda hizo umezitumia wikendi moja. Nami nilifikiri hivyo: pesa kidogo namna hiyo zitabadilisha nini? Siku moja nilimezea aibu, nikaingia kwa yule mama, nikamuuliza. Alinikaribisha vizuri ajabu, ingawa alijua nilichohubiri. Akanieleza, na nilichojifunza kwenye kile kigoda sikukipata chuoni.

Alianza na deni la duka. "Pasta, zamani nilikuwa nachukua sukari, sabuni na mafuta ya taa kwa mkopo. Ukiwa na deni huchagui bei. Sasa mwenye duka anajua tarehe yangu. Hata nikiishiwa kabla ya mwezi kuisha, ananipa, kwa sababu anajua siku fulani nitalipa."

Umesikia hapo? Kilichomrudishia heshima dukani ni tarehe, kuliko hata kiasi chenyewe.

Halafu akaja kwenye mahindi. Sisi watu wa mashambani tunajua mateso haya. Unavuna mwezi wa saba au wa nane, na kila mtu amevuna, kwa hiyo gorogoro ni bei ya kutupa. Lakini mtoto anadaiwa shuleni na deni linakungoja, basi unauza. Ikifika mwezi wa nne na wa tano unarudi kununua mahindi, pengine yale yale yako, kwa karibu mara mbili ya bei. Maskini anauza kwa bei ya chini na kununua kwa bei ya juu, mwaka hadi mwaka, na sisi tunasimama kando tukisema hana mipango. Yule mama aliacha kuuza. Mahitaji madogo yalikuwa na pesa yake, kwa hiyo mahindi yalikaa ghalani mpaka mvua nyingine.

Akanieleza pia habari ya kibarua. Wakati wa kupalilia ndio wakati wa njaa. Mtu asiye na unga nyumbani hupalilia shamba la mwenzake ili apate chakula cha leo, huku lake linamezwa na magugu. Kwa hiyo mavuno yake yatakuwa mabaya tena, na mwakani atatafuta kibarua tena. Yule mama alisema, "Sasa napalilia langu kwanza." Mavuno yake yalizidi ya Dani, na Dani ndiye mchapakazi zaidi, hilo nakuapia.

Baadaye akajiunga na chama. Wanawake kumi na wawili, kila mmoja shilingi 500 kwa mwezi. Zamani hawakumtaka, kwa sababu hakuna chama kinachotaka mtu asiyejulikana atalipa na nini. Zamu yake ilipofika alipokea shilingi 6,000. Zamu ya kwanza ilikuwa mabati. Ya pili, mbuzi wawili.

La mwisho aliniambia akicheka, lakini mimi sikucheka. "Pasta, siku hizi nalala."

Sasa rudi nami ng'ambo ya ua.

Usifikiri kanisa letu halikumsaidia Dani. Tulimsaidia. Krismasi tulimpelekea unga, mafuta ya kupika na leso, tukapiga picha naye, nikaiweka hapa hapa kwenye ukurasa huu. Wengine wenu mliandika Amina. Unga ule haukumaliza wiki mbili. Mwaka uliofuata mjukuu mmoja aliugua malaria vibaya, tukamchangia tena, mara moja. Kisha kimya. Msaada wetu ulikuwa kama mvua ya Februari: inanyesha siku moja, mtu anafurahi, lakini hakuna awezaye kupanda kwa kuitegemea.

Mjukuu mkubwa wa Dani, msichana, alikuwa Kidato cha Pili mwaka wa 2019. Wengi wanafikiri shule ya kutwa ni bure. Ni kweli kwamba mwaka wa 2018 serikali ilianza mpango wa kumlipia kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa shilingi 22,244 kwa mwaka. Lakini pesa ya chakula cha mchana anatoa mzazi. Sare anatoa mzazi. Msichana akarudishwa nyumbani mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Dani akauza kuku. Kuku wakaisha. Kisha akatokea mtu wa ukoo akasema kuna familia Kisumu inatafuta msichana wa kazi.

Siku ya kuondoka waliniita nimwombee. Nilikwenda. Nilimwekea mikono kichwani mtoto wa miaka kumi na sita, nikamwombea safari njema, nikamwombea kibali kwa mwajiri wake. Dani akalia. Mimi nikasema ni machozi ya kuagana.

Nilipokuwa narudi nilipita kwa yule mama mjane. Binti yake, wa darasa moja na yule niliyetoka kumwombea, alikuwa ameketi mlangoni anaandika kazi ya shule.

Mpendwa, Roho Mtakatifu hakunisemesha kwa sauti siku hiyo. Ningependa kukuambia aliniita kwa jina. Ukweli ni kwamba nilifika nyumbani, mke wangu akaweka chakula mezani, nikashindwa kula.

Ilinichukua miezi kadhaa kwenda kwa Dani. Mchungaji kuomba msamaha ni kazi ngumu kuliko kuhubiri. Nilikwenda Desemba. Nilimwambia, "Dani, zile pesa nilizosema ni za shetani, nilisema bila kuuliza. Nilikosea. Wewe umelipa gharama ya kosa langu."

Alinyamaza muda mrefu. Akaenda jikoni akarudi na chai ya rangi, haikuwa na sukari. Akasema, "Mwanangu, mimi nilikataa kwa sababu nilikuamini. Mungu alishakusamehe. Lakini aliyeondoka si mimi. Ongea na mtoto."

Nilimpigia simu msichana akiwa Kisumu. Nilieleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu kabisa: "Pasta, sina neno na wewe. Ila siku nyingine uulize kwanza."

Hayo ndiyo mahubiri mafupi niliyowahi kuhubiriwa, na ndiyo yaliyonikaa.

Nilianza kuuliza. Nikasoma, nikauliza wasomi wa kanisa letu, na nikashangaa kwamba watu walishafanya utafiti karibu na mlango wangu. Rarieda, hapo hapo Siaya, watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia familia zilizopewa pesa na shirika la GiveDirectly, na matokeo yakachapishwa 2016. Pombe na sigara hazikuongezeka, na hilo ndilo jambo tunalopenda kuwatuhumu maskini. Tena waliona kwamba waliopewa pesa kwa mkupuo walielekea kununua vitu vya kudumu, na waliopewa kila mwezi walipata zaidi uhakika wa chakula.

Kisha kuna utafiti mkubwa wa vijiji vya Siaya na Bomet, ambako vijiji vingine vimeahidiwa pesa za kila mwezi kwa miaka 12. Mmoja wa wanaouongoza ni Abhijit Banerjee, aliyeshinda tuzo ya Nobel ya uchumi 2019. Corona ilipoingia 2020, waliokuwa wakipokea walipungukiwa na njaa, walipungukiwa na magonjwa na msongo wa mawazo kuliko wasiopokea. Na je, waliacha kufanya kazi? Hapana. Wengi walihama kutoka vibarua vya watu kwenda biashara zao ndogo. Na walioahidiwa miaka mingi walijiunga na vyama, ili pesa kidogo ya kila mwezi igeuke kuwa pesa kubwa ya kuanzia kitu. Yote niliyoelezwa na yule mama kwenye kigoda, wasomi wameyaandika kwenye vitabu.

Sasa nikarudi kwenye Neno, na macho yangu yakafunguka kuona ratiba ya Mungu kila mahali.

Mana ilikuja kila asubuhi, na siku ya sita mara mbili (Kutoka 16). Yule mjane wa Sarepta hakupewa ghala. Unga kwenye chombo na mafuta kwenye chupa havikuisha, siku kwa siku. Yesu alipotufundisha kuomba, alitufundisha kuomba chakula cha siku, si cha mwaka. Matendo 6, ugomvi wa kwanza wa kanisa kuhusu mgao ulikuwa kwamba wajane wengine wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Ona, ilikuwepo huduma ya kila siku! Na mitume hawakusema wajane hao wanadekezwa. Waliwaambia wanafunzi wachague watu saba waliojaa Roho, Stefano akiwa wa kwanza kutajwa, wasimamie jambo hilo.

Nenda mwisho kabisa wa 2 Wafalme. Yehoyakini, mfalme wa Yuda, amefungwa Babeli miaka 37. Kitabu chote cha huzuni kinafungwaje? Kwa habari kwamba mfalme wa Babeli alimtoa gerezani na kumpa posho, fungu la kila siku, siku zote za maisha yake. Posho ile ilitoka Babeli. Haikutoka hekaluni. Mungu aliruhusu tumaini la watu wake lihifadhiwe kwa mkono wa Babeli, kama alivyomlisha Eliya kwa midomo ya kunguru.

Sisemi upokee kila kitu bila kupima. Matapeli wapo, na siku hizi wako kwenye simu yako zaidi ya mahali pengine. Pima. Uliza kwa chifu, uliza kwa waliotangulia kupokea, angalia kama wanakudai kitu kwanza. Lakini kupima ni kazi. Kupiga kelele mimbarini bila kuuliza si kupima, ni uvivu uliovaa suti.

Januari 2020 nilikaa na wazee wa kanisa. Nikapendekeza tuache vikapu vya Krismasi, tuchukue familia sita, na kila familia ipokee shilingi 1,500 kila tarehe 5 ya mwezi, kwa M-Pesa. Mzee mmoja akasema, "Tutawazoesha uvivu." Mwingine akasema wataacha kuomba. Wa tatu, mweka hazina, akauliza swali la kweli: "Pasta, na mwezi tukikosa?"

Tulihitaji shilingi 9,000 kwa mwezi. Washirika 45 walikubali kutoa shilingi 200 kila mmoja. Haba na haba hujaza kibaba. Familia ya kwanza kwenye orodha ilikuwa ya Dani.

Miezi miwili baadaye corona ikaja na makanisa yakafungwa. Hakuna ibada, hakuna kikapu cha sadaka, na washirika wetu wengi walipoteza kazi. Swali la mweka hazina likasimama mbele yetu. Tulikuwa na pesa tulizoweka kwa ajili ya spika mpya. Nilizipenda sana hizo spika, nisikudanganye. Tuliongea kwa simu usiku kucha, na mweka hazina ndiye aliyesema, "Spika zitangoja, tarehe 5 haiwezi kungoja." Tulizitumia mpaka makanisa yalipofunguliwa. Tarehe 5 haikupita kavu hata mwezi mmoja.

Dani alifanya nini na 1,500 zake? Hakuna maajabu. Alilipa deni la duka. Alinunua dawa za kuku, akafuga tena. Mwaka wa pili hakuuza mahindi mwezi wa nane. Mjukuu wake wa pili, mvulana, aliingia Kidato cha Kwanza na hakurudishwa nyumbani kwa pesa ya chakula. Alifanya mtihani wa Kidato cha Nne mwaka wa 2023.

Jumapili moja Dani alileta zaka ya pesa zile, shilingi 150. Nilitaka kumrudishia. Aliniangalia akasema, "Pasta, ulininyima za kwanza. Usininyime na hii." Nikapokea. Lakini nasema na wachungaji wenzangu: akitoa kwa moyo wake, pokea kwa kutetemeka. Wewe usiende kuzidai. Tusiwe sisi watu wa kwanza kwenye foleni ya pesa za mjane.

Na yule msichana? Ungependa nikuambie alirudi shule. Hakurudi. Tulimwita, tukaahidi kulipa, lakini alikuwa ameshapata mimba, na sasa ana mtoto na anauza mboga Kisumu. Ni mwanamke mwema na jasiri, na Mungu hajamalizana naye. Lakini ile miaka haikurudi. Neema inasamehe, mpendwa, lakini kalenda haigeuki. Ndiyo maana naandika leo, ili uulize mapema kuliko mimi.

Basi ufanye nini? Sikuambii ulishe Kenya nzima.

Chagua nyumba moja. Unaijua. Jina lake limekujia ukisoma. Usianze na kiasi kikubwa utakachokishindwa mwezi wa tatu. Anza na unachoweza kutoa mwaka mzima, hata kama ni 300 au 500, kisha chagua tarehe na umwambie tarehe hiyo. Ukitoa wewe na ndugu zako watatu, mmoja mwenye kuaminika awe mtumaji.

Usimwombe risiti. Hukumwajiri. Akinunua sukari, ni mtu kama wewe anayependa chai tamu.

Usimpige picha. Nimefuta ile yangu ya Krismasi. Yesu alisema habari ya mkono wa kushoto kutojua ya mkono wa kulia, na simu iko mkono gani?

Na kama kwenu kuna mzee wa miaka 70 na zaidi, au mtu anayelea yatima katika umaskini, au mwenye ulemavu mkubwa, jua kwamba serikali ina mpango wa Inua Jamii wenye shilingi 2,000 kwa mwezi. Wazee wengi wanakosa kwa sababu ya kitambulisho tu, au kwa sababu usajili ulipita hawakusikia. Ukirudi nyumbani sikukuu hii, mshike mkono umpeleke kwa chifu aulize. Hiyo nayo ni huduma, sawa na kuimba kwenye kwaya.

Yakobo sura ya pili anatuonya kuhusu kumwambia mwenye njaa aende kwa amani, ashibe, bila kumpa kitu. Nami naongeza dogo: tusimpe mara moja tukadhani tumemaliza. Mwenye njaa ya Desemba ana njaa ya Februari pia.

Tuombe.

Baba, asante kwa mkate wa asubuhi na wa jioni. Tusamehe tulipofunga mlango ulioufungua wewe. Mkumbuke yule dada wa Kisumu na mtoto wake. Wabariki waliotoa kutoka mbali bila kutujua. Mfanye kila asomaye hapa awe kunguru wa mtu mmoja, na usimwache akose jioni yake. Katika jina la Yesu, Amina.

Tarehe 5 iko karibu. Kabla hujalala leo, piga simu kwa ile nyumba moja uliyoifikiria, usalimie tu kwanza.

Ni mimi mchungaji wenu, ninayejifunza bado.